Mguu Uliokosa Mzigo

Rafiki yangu Wachira,

Mvua imenyesha, na wanasema viazi vya mama yako huko Chaka vimestawi. Mimi bado sijaliona kaburi lako. Usinikasirikie. Mguu niliovunjika siku ile tulipoporomoka pamoja mlimani, ukafa wewe nikabaki mimi, umekataa kuunga. Nimechoka. Kuna asubuhi nakuonea wivu, na nakuambia wewe kwa sababu sina mwingine wa kumwambia.

Unaijua desturi yetu wapagazi wa Naro Moru: mwenzetu akianguka, waliobaki hugawana mzigo wake, hata sufuria isiachwe mlimani. Basi wakagawana wako, kisha waliposhuka wakanigawana na mimi. Njoroge hunibeba mgongoni hadi kanisani, Mutahi hunibeba hadi chooni, mimi mzee mzima! "Wewe tulia tu," huniambia, "hiyo mguu isiguse chini." Daktari wa Nyeri alisema nianze kukanyaga na plasta yangu. Wakaitikia vizuri, wakanibeba hadi nyumbani. Nami nikakubali kubebwa, maana maumivu nayaogopa.

Jana tulirudi Nyeri. Daktari aliinua picha ya mfupa dirishani, na palipovunjika bado kuna pengo jeusi. Akasema mfupa uko hai, umejaa chembe ndogo zisizoonekana kwa macho, na chembe hizo huhisi kila kinachozizunguka. Mahali palipovunjika pakichezacheza ovyo, hujenga kitu laini kama gegedu la sikio. Pakishikwa imara na kupewa uzito kidogo kidogo, hujenga mfupa. Zisipohisi uzito wowote hulegea, na hata mfupa uliokuwepo hupungua. Akamgeukia Njoroge. "Nyinyi mnapenda huyu vibaya. Picha ingine ikiwa hivi, hii mguu si ya mlima tena."

Nililia pale pale, Wachira, mbele ya watu. Mimi shamba sina. Watoto wangu nitawalisha nini?

Unakumbuka ulivyokuwa ukinifichia jiwe ndani ya mzigo? Napanda nikihema, nakulaani bila kujua, tukifika kambini unalitoa na kucheka: "Ati sasa umekuwa mwanaume!" Safari ile ya mwisho nilikuwa nalo tena. Wenzetu walilikuta walipofungua mzigo wangu. Mke wangu alitaka kulitupa, nikamkaripia hadi akatoka nje.

Leo asubuhi nilimwambia Njoroge, "Niweke chini." Akakataa. Nikamng'ata sikio, kweli nilimng'ata, akaniweka. Nilikanyaga nikiwa na magongo yangu na jiwe lako mfukoni. Niliona giza. Nikakanyaga tena. Sijui kama chembe zangu zimesikia. Huenda nimechelewa.

Lala, ndugu yangu. Siku nitakayokuja Chaka, sitaruhusu mtu anibebe kutoka barabarani hadi kwenu. Nitakuja kwa miguu yangu, nikurudishie jiwe lako.

Wako,
Kariuki