Mama na Mtoto wa Shamba la Juu

San Melchor Yucuñuma,
Mixteca Alta, Oaxaca.
19 Mei, 2009

Mpendwa Kaka Heliodoro,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba maumivu ya mgongo yamekuachia kidogo huko kwenye mashamba ya zabibu ya Kalifornia. Sisi miili haijambo. Mvua bado. Mahindi tuliyopanda mapema yamejikunja, na kisimani tunaviziana.

Nakuandikia kabla hujasikia kwa watu, maana maneno yakivuka mpaka hufika yameota pembe.

Unajua Zenaida wangu alirudi na kundi la wachimbaji wa mambo ya kale, chini ya Profesa Barrenechea. Walichimba shamba la juu, kwenye matuta ya marehemu baba. Chini ya sakafu ya nyumba ya kale wakakuta mifupa ya mwanamke amemkumbatia mtoto mchanga, bakuli la udongo miguuni. Zenaida anasema ni watu wa mwanzo kabisa wa kwetu, kabla hatujawa na wafalme, na kwamba walizika wafu wao palepale walipokula na kulala.

Bibi Eufrosina alipoona mifupa inafungwa kwenye makasha ipelekwe mjini, alisema, "Mmemtoa mama wa watu kitandani mwake, halafu mnauliza mvua iko wapi?" Neno likaenea. Mkutano wa kijiji ukaamua isiondoke. Profesa akasema ana kibali cha serikali, na Jumanne iliyopita mchana akapakia gari.

Kengele ya kanisa ikalia. Wanawake tukashuka barabarani, wanaume nyuma yetu na mapanga. Gari likaja, Zenaida amekaa mbele kando ya dereva.

"Mama, toka njiani!"

"Sitoki."

"Tuna kibali!"

"Na mimi ninacho, cha kukuzaa. Zimeni gari hilo."

Watu wakacheka, lakini kicheko kile hakikuwa na furaha. Dereva akakanyaga mafuta, gari likanguruma, likasogea hadi nikahisi joto lake kifuani. Hapo likaruka jiwe. Kioo kikapasuka, na nikamwona mwanangu uso umejaa damu.

Kaka, sijui nilipandaje gari lile. Zenaida akanisogeza taratibu, akashuka mwenyewe, mkono kwenye paji la uso.

"Mkitaka kumzika, mzikeni," akasema. "Lakini mjue mnamzika nani. Huyu alikuwa binti mbichi. Magoti yake yamelika kwa kupiga magoti akisaga mahindi. Mtoto hakuwahi kuota jino."

Bibi Eufrosina akauliza kwa sauti ndogo, "Walikufa na nini?"

"Sijui, Bibi. Ndicho nilichotaka kukitafuta."

Bibi akajikalia palepale vumbini. "Basi kaa nao hapahapa, utafute. Ukishajua, utuambie, kisha tuwarudishe kwao."

Ikawa hivyo. Makasha yamo katika chumba cha ubavuni mwa kanisa. Profesa ameondoka kwa hasira, na amemwambia Zenaida asimfuate tena. Jeraha limeshonwa, kazi ndiyo imekwenda.

Sasa neno gumu. Jiwe lile alilirusha Abundio, mwanao uliyeniachia. Ameniambia mwenyewe. Kaburi la marehemu mama yake liko chini kidogo tu ya shamba lile, naye akaona leo wanambeba mama huyu, kesho watambeba wa kwake. Tangu siku ile hataki kula kwangu. Analala kwa Bibi Eufrosina, nikimwita anainamisha kichwa.

Mpigie simu, Kaka. Usianze kwa kumgombeza. Anza kwa kumtaja Maurilia, mama yake; nadhani hakuna anayemtajia jina hilo siku hizi.

Mkuu wa kijiji alipouliza mkutanoni nani alirusha, Zenaida alijibu kwamba jua lilimpiga machoni. Nami nilimwamini. Jana, nikimbadilishia kitambaa cha kidonda, nikamuuliza tena.

"Nilimwona, Mama," akasema. "Alikuwa analia hata kabla hajarusha."

Nisalimie binamu Fidencio na mkewe Odilia. Bibi Eufrosina anakusalimu, na Zenaida anasema shikamoo, Mjomba. Mungu akufunike, na waliolala katika ardhi hii wakukumbuke huko uliko.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Crescencia