Baba, Kesho Wanamchukua Mstaafu

Baba yangu,

Shikamoo. Nimeiandika kwa mazoea, kisha nikakaa nikiingoja marahaba yako kama mjinga.

Kesho asubuhi daktari wa wanyama anakuja kumpiga Mstaafu sindano ya mwisho. Baada yake litakuja gari la watu wanaochoma maiti za farasi. Naam, Baba, watamchoma moto. Jambo ulilonikataza ndilo nililolipanga kwa mdomo wangu mwenyewe, kwenye simu, na mwanamke mpole aliyeniuliza kama nataka majivu yote au kiasi tu.

Siku uliyonikataza naikumbuka vizuri. Tulikuwa malishoni, hapa hapa Thamesmead nyuma ya mfereji, na farasi mweupe wa jirani alikuwa anavutwa garini, amefunikwa turubai. Uliuliza wanampeleka wapi. Ulipojibiwa, ulinigeukia macho yamekuiva. "Zuhura, wangu asichomwe. Mzikeni, hata kama mtachimba kwa kijiko." Nilicheka, nikakwambia inshallah, nani atamchoma farasi wako? Sikujua kwamba ulikuwa unanitwika mzigo.

Kijiko ninacho, Baba, ardhi ndiyo sina. Mwenye malisho amekataa kwa sababu maji ya mfereji yapo karibu. Wakubwa wa mtaa, hao council, nao wamekataa. Nimepiga simu kwa wenye mashamba huko Kent, mmoja akanikatia, mwengine akacheka. Sisi wenyewe, kama unavyojua, bustani yetu ni roshani ya ghorofa ya tatu yenye ndoo ya mchicha. Zaidi ya kuchoma lilibaki lori la kuzoa mizoga, na wenye lori sikuwauliza wanaipeleka wapi. Nikamwendea sheikh wetu. "Mnyama hana hukumu ya maiti ya mtu, mwanangu," akaniambia. "Fanyeni linalowezekana." Nilishusha pumzi, mpaka nilipofika nyumbani nikakutana na macho ya Mama.

Mama bado yumo edani, hatoki. Kila nikirudi malishoni huniuliza kutoka chumbani, "Amekula?" Juzi nilipomwambia habari ya kuchomwa aliweka tasbihi chini.

"Baba yako alisema azikwe."

"Mama, hakuna pa kumzika."

"Nchi yote hii?"

Nilikwenda jikoni kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Unakumbuka ulivyotuletea habari za Mstaafu? Umestaafu ukarani, sote tunadhani utakaa usome magazeti, siku hiyo ukarudi na viatu vya tope ukasema umenunua farasi kwa mtu anayehama. Mama alikuangalia kuanzia kichwani mpaka miguuni. "Utampanda na magoti hayo?" Ukamjibu, "Simpandi. Yeye kastaafu na mimi nimestaafu, tutazungumza." Na kweli mlizungumza. Hukumsemesha ila Kiswahili. Ulikuwa ukisema wajukuu wako unawasemesha wanakujibu Kiingereza, angalau Mstaafu ananyamaza na kusikiliza.

Kila jioni ulimkuna nyuma ya sikio, naye akashusha kichwa chake kile kizito mpaka kifuani kwako. "Haya, mzee. Kesho." Hapo ndipo alipogeuka kwenda bandani peke yake. Siku moja, ukiwa umekwenda Tooting kununua vitu vya Mama, mimi nilihangaika naye mpaka nikaloa mvua, hasogei. Nilipokupigia simu ulicheka sana, ukaniambia ni maneno tu yanayotakiwa.

Ulipofariki tulikuzika upesi, kama ilivyo kwetu. Nguo zako zikagaiwa sadaka kabla hata wageni hawajakwisha, Mama hakutaka zikae kabatini. Hata lile koti la kahawia lililojaa manyoya ya Mstaafu lilikwenda. Tulidhani tumefanya yote yanayopasa. Kisha mwanamke anayesafisha mabanda akaniuliza kama Mstaafu ameletewa chochote chako anuse. Akanieleza kwamba farasi akifiwa na mwenzake huachwa anuse maiti, ili asiendelee kumtafuta. Nilisimama pale na ndoo ya maji mkononi, Baba. Watu wote wa Pemba walioko London walipata habari ya kifo chako, asipate yeye.

Basi yupo langoni. Amekanyaga majani yote pale yamekuwa tope. Daktari anasema mfupa umeshuka ndani ya kwato za mbele, kila hatua inamuuma, na dawa hazimsaidii tena. Angelala apumzishe miguu. Halali, anaangalia njia uliyokuwa ukijia.

Nimekata tamaa, sikufichi. Tena nimekukasirikia. Umeniachia mama wa kumliwaza, farasi wa kumuua, na wasia usiotekelezeka, ukaenda zako.

Nimejitahidi nilivyoweza. Nimesema nywele za mkia wake zikatwe mapema, Mama abaki nazo. Nimesema nataka majivu yote, hata kama ni sanduku zito la kubebwa na watu wawili. Mwenye malisho amekubali tulizike pembeni ya lango. Kwa hiyo atazikwa, lakini kwa kupitia motoni. Sijui kama wewe utaliita hilo kuzika.

Leo alasiri Mama aliniita. Akaingiza mkono chini ya mto wake akatoa kofia yako ya viua, ile ya kudarizi ya kila siku. Kumbe aliificha wakati tunagawa nguo, na hajaifua. Ina harufu yako bado, na ya banda.

"Mnusishe," akasema. "Akishanusa urudi nayo. Isije ikenda motoni na yeye."

Akanipa, akageukia ukutani. Niliichukua nikatoka haraka, kwa sababu Mama sijawahi kumwona akilia na sikutaka kuanza leo.

Daktari ameniambia kesho nimshike mimi, ashushe kichwa, nimwambie maneno aliyoyazoea ili atulie. Maneno anayoyajua ni yale yale. Wewe ulimwambia jioni yako ya mwisho, akakuamini, mpaka leo anakungoja. Na mimi nimwambie "Kesho," na sindano iko mkononi mwa daktari? Nimejaribu kuyatamka jikoni peke yangu, nikaishia kwenye "mzee". Ila nisipoyasema hatoshusha kichwa, ataondoka duniani kwa hofu, akiwa ameangalia njia.

Nitayasema, Baba. Nitaivaa kofia yako na nitayasema. Nisamehe huo moto. Na kama huko uliko mtu huruhusiwa kutoka hata kidogo, njoo usimame langoni.

Haya, Baba. Kesho.

Mwanao,
Zuhura