Sauti Yako Ilikuwa Kwenye Faili la Kwaya

Tata,

Ulituachia simu nne, kompyuta mbili, na kopo zima la flashi na memori kadi. Kila faili uliliita "Mpya", au "Muhimu", au "Muhimu2". Ulipokuwa hai nilikucheka.

Hata wiki sita hazikuwa zimepita tangu tukuzike, Baba Mdogo Rwegasira aling'oa milamula yote, ile mimea ya kuonyesha mpaka. Akasema sehemu ya chini ya kibanja, shamba letu la nyumbani, yenye kahawa, alikuazima tu. Wazee wa ukoo wakaitwa wakutane kijijini Izigo Jumamosi. Mama akanipigia simu huku Bukoba: "Koku, baba yako alirekodi siku walipopanda mpaka. Itafute."

Niitafute wapi, Tata?

Nilichukua likizo. Nikahamishia kila kitu kwenye diski moja, nikasikiliza faili moja moja na kuliandikia jina jipya: nani, wapi, mwaka gani, ili mtu akiandika neno moja tu, lijitokeze. Ile kompyuta yako kuukuu ilipata moto ikazimika katikati ya kunakili. Niliipepea kwa gazeti huku nikimwomba Mungu. Nilikukuta ukifundisha hesabu. Nilikukuta ukimwita Mama atoke jikoni aone upinde wa mvua. Hapo nilishindwa kuendelea, na muda sikuwa nao.

Ijumaa mchana nikafungua "Kwaya mazoezi". Hapakuwa na wimbo hata mmoja. Sauti ya nyayo tu, juu ya majani makavu ya migomba, kisha Baba Mdogo: "Kaka, panda hapo. Huku chini ni kwako."

Nilipiga kelele peke yangu chumbani. Halafu ukaja wewe: "Na njia ya kwenda kisimani ni yako, wewe na wanao. Hakuna atakayeifunga."

Mama aliifunga, Tata. Ulipoanza kuugua, aliweka uzio. Hukujua. Au ulijua ukanyamaza?

Kukikata kipande kile cha njia ni kazi ya dakika moja. Nilimpigia Mama nikamweleza nilichosikia. Akasema, "Wasikie mwanzo tu. Inatosha."

Mbele ya wazee niliifungua rekodi ile. Niliiacha ikaisha yote. Baba Mdogo aliinamisha kichwa aliposikia maneno yake. Aliposikia yako, akakiinua akamtazama Mama. Mama alitazama chini.

Milamula imepandwa upya na uzio umeondolewa. Watoto wa Baba Mdogo wanapita na ndoo zao, wanamsalimia Mama, naye anaitikia. Simu zangu mimi hakuzipokea kwa wiki mbili. Jana alipiga akauliza kama nimekula. Sijui kama amenisamehe, sikuthubutu kumuuliza.

Lala salama, Tata. Mafaili yaliyobaki nitayasikiliza yote, na nakuahidi sitalifuta hata moja, hata yale yatakayotuumiza.

Mwanao,
Kokugonza