Bibi, Wimbo Wako Umeimbwa Kwenye Tuzo

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Nimezoea kusubiri marahaba yako kabla sijafungua mdomo, na hata sasa nimekaa kidogo na kalamu mkononi kama vile utaitikia. Haya, naendelea. Nina jambo la kukuambia, na kwa kuwa watu wengi wameshalizungumza bila kulijua, naliandika wazi ili nao wasome.

Wimbo wako umeimbwa kwenye runinga. Ule wa chumbani, mliokuwa mkimwimbia mwali siku ya tatu ya kuwekwa ndani, ngoma ikinyamaza na mtoto akaanza kumlilia mama yake. Maneno yake sitayaandika hapa wala popote. Ameuimba Neema, binti wa mwalimu, jirani yetu wa Dunda, nchi nzima ikimtazama, kwenye sherehe ya tuzo za muziki. Na aliyempa wimbo huo ni mimi.

Sentensi hiyo nimeiandika mara tatu nikiifuta. Sasa naiacha ikae.

Usiku wa tuzo zenyewe umeme ulikatika mtaa mzima, kwa hiyo tulipata habari kwa simu tu: Neema kashinda, msanii chipukizi bora. Vijana wa bodaboda walipita wakipiga honi kama wanapeleka bibi harusi. Jumapili mchana kituo kikarudia sherehe yote, na watu wakajaa sebuleni kwa Shangazi Mwanahamisi, binti yako mkubwa, ambaye tangu uondoke ndiye kungwi wetu. Ungependa kuwepo, Bibi. Wewe uliyekuwa ukimwitikia msomaji wa habari salamu yake kila jioni, na ukisikia mwimbaji anayepiga kelele unauliza, "Huyu anaimba au anaita bajaji?"

Basi siku hiyo ungekuta wenzako. Baba Mdogo Seif alikaa mbele kabisa, magoti yake karibu yaguse kioo.

"Huyo mshereheshaji suti imembana kama soksi," akasema.

"Akipiga chafya tu, vifungo vinatufikia huku," akajibu mtu nyuma.

Binamu yangu Saumu, binti wa Shangazi, alisimama mlangoni na sinia la kashata akitangaza masharti. "Kila anayekula kashata yangu apige makofi Neema akitokea. Asiyepiga aitapike hapa hapa!" Unamjua Saumu. Hata akinong'ona, majirani wanaitikia.

Neema akatokea. Gauni jeupe, miguu mitupu. Vigelegele vilipanda hadi nikaziba masikio. Akashika kipaza sauti, akangoja ukumbi utulie, kisha akasema, "Wimbo huu niliimbiwa na rafiki yangu siku tuliyomzika mama. Sijawahi kuuimba mbele za watu." Akaanza, bila hata ala moja.

Wanawake wote pale sebuleni walinyamaza kwa pamoja. Shangazi alikuwa anatafuna, akaacha. Bi Zena wa nyumba ya pili alijifunika uso kwa mtandio. Saumu aliliweka sinia chini taratibu, na sikumbuki lini nilimwona Saumu akifanya jambo taratibu. Wanaume hawakuona kitu. Walitikisa vichwa kwa raha. "Sauti hiyo!" alisema Baba Mdogo, kisha akageuka. "Mbona mmenyamaza? Kuna msiba?"

Tungemjibu nini? Kumweleza kwa nini tumenyamaza ni kumweleza wimbo wenyewe. Shangazi alinyanyuka, akazima runinga.

"Umeme mdogo," alisema.

"Dada, feni si hiyo inazunguka?"

"Feni ina umeme wake, Seif. Nenda kaswali."

Kabla ya alasiri simu yake ilikuwa imeita mara sijui ngapi. Makungwi wenzake walipiga hata kutoka Mkange. Mmoja alikuwa na sauti kubwa kiasi kwamba sote tulimsikia: "Mwanahamisi, mmefungua mlango wa ndani? Nani kawapa ruhusa?" Mitandaoni nako watu walikuwa wamegawanyika. Mabinti wasiojua lolote waliandika kwamba wimbo umewaliza, umewakumbusha mama zao, wameusikiliza hadi simu zikaisha chaji. Wengine waliandika kwamba Neema ni mtu wa bara, kaja kwetu na baba yake mwalimu, kaiba mila za wenyewe akaenda kuzivalia gauni. Mmoja aliandika kwamba tuzo hiyo itamuunguza mikono. Niliyasoma yote. Natamani niseme niliyasoma kwa kumhurumia Neema, lakini nilikuwa natafuta kama jina langu limo.

Wanaume walipokwenda msikitini, Shangazi alituita uani. Aliuliza swali moja tu. "Rafiki gani?"

Neema alikuwa rafiki wa nyumba nzima, unakumbuka. Alikula kwetu, alisukwa kwetu. Macho yote yalikwenda kwa Saumu.

"Mama, wallahi si mimi."

"Wewe ndoto unayoota alfajiri, saa mbili soko zima la samaki linaijua. Leo si wewe?"

"Naropoka mambo yangu, mama. Ya chumbani sijawahi!"

Shangazi hakumsikiliza. Alinishika bega, mimi, akanisogeza mbele ya wote. "Mtazameni huyu. Serikali imemkabidhi siri zake, na mpaka leo hamjamsikia hata akimtaja bosi wake. Mngemuiga." Kisha akamwambia Saumu kwamba Ijumaa asikanyage chumba cha mwali.

Bibi, Ijumaa hiyo ndiyo ingekuwa siku ya tatu ya Rukia, binti wa Baba Mdogo, kuwekwa ndani. Saumu ndiye aliyeteuliwa kuwa somo wake, mlezi wake wa chumbani kuanzia siku hiyo, mara yake ya kwanza. Wewe mwenyewe ulisema, mwaka wako wa mwisho, kwamba Saumu ana mdomo lakini ana mikono ya kulea. Alikuwa ameshanunua khanga, doti mbili, na kuzipiga pasi. Alisimama pale uani akinitazama, si kwa kunishuku, bali kama mtu anayeomba mwenzake aseme neno. Nikatazama kikombe changu.

Ngoja nikukumbushe siku yenyewe, kwa sababu nusu yake unaijua.

Mama yake Neema alizikwa asubuhi, kule kwenye makaburi ya kanisa. Ulikwenda, ukakaa na wanawake wa kwao, ukarudi na vumbi miguuni, ukasema mtoto alale kwetu maana kwao kumejaa wageni. Nilikuwa na miaka kumi na minne, mwaka mmoja tu tangu mimi mwenyewe nitoke ndani. Tulilala kitanda kimoja. Neema alilia mpaka kilio kikageuka kwikwi zisizokuwa na pumzi, hataki maji, hataki kushikwa. Niliogopa atakufa, kweli niliogopa. Na dawa niliyoijua ya mtu anayelia hivyo ilikuwa moja.

Nilikuwa nimeionja. Siku yangu ya tatu nililia hivyo hivyo. Ukaja, ukakaa nyuma yangu, ukaweka kidevu chako begani kwangu, ukaimba polepole hadi nikahisi sauti inapita mgongoni kabla haijafika masikioni. Nilipotulia ulisema, "Ukitoka humu, huu ubaki humu." Nikaitikia ndiyo. Basi nilikaa nyuma ya Neema, nikaweka kidevu begani kwake. Akalala. Asubuhi nilimwapisha asinitaje kamwe.

Ukanikuta nachota maji. "Mwenzio amelala?" uliuliza.

"Amelala, Bibi."

"Ulimfanya nini?"

"Nilimkumbatia tu."

Ukasema, "Haya," ukaenda zako. Miaka hii yote nimeigeuza "haya" yako huku na huku. Chumba chako kilikuwa ubavuni mwa chetu, na ukuta wenyewe ulikuwa mwembamba. Sijui. Sitadai kwamba ulinisamehe, maana huwezi kunithibitishia.

Jumatatu nilikwenda kazini. Nilipopewa kazi ulikuwa hai, ukacheka uliposikia nimewekwa masjala ya siri, kwenye majalada yasiyosomwa na kila mtu, na kwamba niliapishwa kabla ya kukabidhiwa ufunguo. Ofisi nzima ilikuwa ikizungumzia tuzo: nani kaonewa, nani kavaa pazia. Mkuu wa masjala akaniuliza kwa wema kabisa, "Wewe si wa Dunda? Ule wimbo wa binti yenu asili yake wapi?" Nikasema, "Sijui, mzee." Ulinitoka mwepesi, huo uongo. Nilifunga kabati, nikalifungua, nikalifunga tena, kuhakikisha kama nimelifunga.

Jumanne Neema alinitumia ujumbe wa sauti. Alikuwa ameshalia kabla ya kurekodi, nilimsikia puani. "Dada, wananiita mwizi. Mimi sikujua kwamba wimbo una mwenyewe. Uliponipa nilidhani umenipa. Waandishi wananiuliza rafiki ni nani, nimekataa, kwa sababu uliniapisha. Niambie tu kama nimekosea, niombe radhi."

Neema, mtu ambaye hajawahi kupitia chumbani, alikuwa ameitunza siri yangu kwa miaka kumi na moja, na sasa anaitunza huku anatukanwa. Na Saumu anaadhibiwa. Nilikuwa nimewakalia wote wawili.

Jumatano baada ya kazi nilikwenda kwa Shangazi. Alikuwa anapeta mchele, Saumu anakuna nazi pembeni, hawasemezani. Nilikuwa nimeandika maneno yangu kwenye karatasi, Bibi, nicheke tu, na karatasi yenyewe nikaiacha mkobani. Nikasema, "Ni mimi niliyemwimbia Neema. Saumu hana kosa."

Ungo haukusimama. "Kwa nini?" aliuliza Shangazi.

"Alikuwa analia."

"Wangapi wanalia mjini hapa? Tuwaimbie wote?"

Saumu aliinuka kwenye mbuzi ya nazi, machicha yamemjaa mikononi. "Siku tatu! Siku tatu naitwa redio mbao, na wewe unakunywa chai yetu!" Nilidhani atanipiga. Ingekuwa haki yake. Alirudi kukaa, akaendelea kukuna kwa nguvu, machozi yakimtoka, na hakuna aliyemwambia nazi imekwisha kitambo, anakuna kifuu.

Baadaye sana Shangazi aliuweka ungo chini. Alisema Saumu atakuwa somo kama ulivyotaka wewe. Mimi nisiingie Ijumaa, na lini nitaingia tena yeye hajui. "Na wimbo basi," alisema. "Rukia mwenyewe anao kwenye simu. Ule ulimtuliza mwali kwa sababu hajausikia popote duniani. Sasa umekuwa wa watu." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetoka mazikoni.

Jioni hiyo nilimwandikia Neema kwamba hakuiba, alipewa na mtu asiyekuwa na ruhusa ya kutoa, na kwamba anitaje akitaka. Ninyi mnaomtukana, nanyi mmesoma sasa. Mwenye kosa ni mimi. Na ninyi mliolia naye, siwezi kusema mmekosea kulia.

Ijumaa nilikaa uani na masufuria, pamoja na watoto wasioruhusiwa. Ngoma ilipigwa tangu alasiri, kisha ikanyamaza, nikamsikia Rukia akilia, akimtaka mama yake. Nilishika sufuria kwa mikono miwili. Ukimya ukawa mrefu mno. Nikawaza: nimewaachia chumba kitupu, hawana cha kumwimbia.

Kisha sauti ya Saumu, ile inayosikika hadi sokoni, ikatoka ndogo, ya chini, kwa lahani ambayo sijawahi kuisikia maishani. Wimbo mpya, ameutunga mwenyewe, Bibi, kwa siku mbili. Wenzake wakaupokea. Kilio cha Rukia kikapungua, kikawa kwikwi, kikaisha.

Dirisha lilikuwa wazi, hatua nne kutoka nilipokaa. Nilikuwa nasikia lahani bila maneno. Niliinuka, nikawashika watoto mikono, nikaenda nao mbali zaidi, hadi kwenye njia ya barabarani, ambako hatukusikia kitu.

Pumzika, Bibi. Nimekusomea Fatiha kabla ya kuanza barua hii, na nitakusomea tena nikiikunja.

Ni mimi mjukuu wako, niliye nje kwa sasa.