Vyuma Viwili Mufukoni

Furaha, mujukuu wangu,

Kwa heshima zote natangaza: kuku wa Koko mama, bibi yako, ametaga ndani ya kofia yangu ya misa. Sisi wote tuko wazima, kofia peke yake njo mugonjwa.

Umeuliza: kile chuma kilichobaki ulipomaliza kusafisha moteri ya piki, umwambie patron wako wa kazi ao ukitupe?

Nilipokuwa kijana hapa Mweso, nilisafisha moteri ya piki ya jirani yetu Papa Kambale, ili ampeleke muke wake hospitali kuzaa. Nilipofunga yote, vyuma viwili vidogo vikabaki. Nikavificha mufukoni. Moteri ikawaka, muke wa Kambale akapanda.

Watu huwa nawaambia kwamba niliwasimamisha wasiende. Wewe umeniuliza mimi kwanza, basi upate ukweli: nilinyamaza. Mama mwenyewe njo aliuliza, "We fundi, mukono unatafuta nini mu mufuko?"

Nikafungua kiganja. Akacheka akishika tumbo. "Fundi, ni vya mashini yangu ya kushona! Nilivilowesha mu beseni yako."

Petroli ilikuwa haba. Watu wote wa parseli, kiwanja chetu, tuliosha vyuma mu beseni moja ya petroli.

Wakafika salama. Lakini mimi sikujua vilikuwa vya nini, Furaha, na ningewaacha waende.

Koko yako