Nani Atazipa Picha Hizi Majina?

Dada yangu Agnes,

Shikamoo. Naandika hivyo nikijua hakuna wa kuitikia. Hapa Kihonda tuko wazima, ila mimi sina raha. Kesho asubuhi gari linakuja kuchukua picha zangu, zinakwenda Dar kwenye maonyesho ya Jumamosi, ya kwanza ninayofanya peke yangu, na hakuna hata moja yenye jina. Kazi hiyo ilikuwa yako. Tangu uondoke sijajua nimpe nani.

Unakumbuka nilivyoanza? Nilikuwa nachora simba na twiga wa kuwauzia watalii. Ukashuka na kabichi zako kutoka Mgeta, ukatua tenga, ukacheka mpaka ukakaa chini. "We simba ulimwona wapi? Chora unachokijua." Nilinuna wiki nzima. Kisha nikaanza kupaka rangi tupu, bila mtu wala mti, watu wakasema nimechanganyikiwa. Wewe hukuuliza ni picha ya nini. Ulishika kiuno, ukatazama weee, ukasema, "Hii ni Mama Kanuna Ila Kapika." Na kweli, ule wekundu uliobanwa pembeni ulikuwa mama mtupu.

Ukishaipa jina, ulinikataza kuigusa. "Imeiva hiyo, weka brashi chini." Ndivyo nilivyojua kazi imekwisha. Sasa sijui. Naongeza, nakwangua, naongeza tena. Ile ya kijani, niliyoianza ukiwa umelazwa, nimeipaka mpaka imekuwa tope.

Leo mchana Neema, anayesimamia ukumbi, kapiga tena simu. "Kaka, majina jamani! Nikiandika zote hazina jina, watu watadhani umechoka." Mama akadakia kutoka jikoni, "Ziite namba, yaishe." Nusura nimjibu vibaya.

Basi nikasimama mbele ya ile ya njano, kubwa kuliko zote. Mikono ikaenda kiunoni yenyewe. Nikajisikia nasema kwa sauti, "Karoti Zimeachwa na Gari." Mama akacheka, dada, kicheko ambacho hatujakisikia humu ndani tangu msiba. Halafu nikamsikia anapenga kamasi.

Majina ya nyingine yakaja haraka, hata la ile ya kijani, na kila iliyopata jina nilijua sitaigusa tena. Ningepaswa kufurahi. Badala yake nimekaa hapa nakuandikia. Mwanzoni niliogopa watu wa Dar wasizielewe picha hizi. Sasa naogopa wasije wakazipenda. Watauliza majina mazuri hivi katunga nani, nami nitajibu ni mimi, na itakuwa kweli.

Wenzangu walikuzika kule Mgeta. Mimi naona nitakuzika Jumamosi.

Mdogo wako,
yule wa rangi tupu