Mto wa Katikati ya Magoti

Jumatatu, tarehe 3

Mwanangu,

Nimekukosea. Hilo nimeona litangulie, salamu zifuate. Simu zangu hupokei, na mumeo kila nikimpigia ananiambia "nipo barabarani, mzee," hata lori likiwa limeegeshwa. Ndiyo maana naandika. Kichanga hajambo? Wewe unapata usingizi? Mimi mzima, ila karakana nzima imechoka kuniona nimenuna.

Siku ile ya kujifungua nilipewa ruhusa niingie wodini nikuletee maji tu. Nikakuta umelala ubavu, mto umeubana magotini, unacheka na mkunga. Mama yako alikuzaa amesimama, ameshika fremu ya mlango, na hadithi hiyo nimeitamba miaka yote kana kwamba nilizaa mimi. Basi nikakuvuta mkono ukae. Mkunga akasema, "Mwache, mzee, miguu yake ina ganzi." Nikamjibu yeye mvivu, anafundisha wenzake uvivu. Ukateleza. Mkunga asingekudaka, ungeanguka sakafuni na tumbo lako. Mlinzi akanitoa, na nilistahili.

Sijamwambia mtu hili: haikuwa hasira. Ulivyolala vile nilimwona mama yako siku zake za mwisho, naye alikuwa akilala ubavu. Niliogopa, nikafoka.

Baba yako

Alhamisi, tarehe 13

Baba, shikamoo.

Sisi wazima. Mjukuu wako ananyonya kama anakimbizwa. Nimechelewa kujibu kwa makusudi, nilitaka uionje adhabu kidogo.

Mama alizaa amesimama kwa sababu miguu ilikuwa yake. Yangu siku ile ilikuwa kama ya jirani: naiona, lakini haipokei amri. Mkunga alinieleza mapema kwamba aliyechomwa sindano ya ganzi mgongoni, hasa uzazi wa kwanza, akilala ubavu wakati wa kusukuma ana nafasi nzuri zaidi ya kuzaa mwenyewe, mtoto asivutwe kwa chombo. Akanigeuza huku na huku, akaninyanyua mguu wa juu, muda ulipofika akaniambia "sasa." Nikasukuma. Hata mkasi haukuguswa. Sikuwa nimekata tamaa, baba. Nilikuwa kazini nimelala, kama wewe ukiwa chini ya kochi la mteja.

Ile ya mama sikuijua. Ungesema tu unaogopa, ningekushika mkono.

Mimi nimeshakusamehe. Lakini mkunga ulimwita mvivu mbele ya wenzake. Malizana naye kwanza, ndipo uje umbebe mtoto. Na ule uliouona haukuwa mto, lilikuwa blanketi lililokunjwa. Kila nilipogeuzwa lilikunjuka. Nikajisemea, na baba yangu eti ni fundi wa makochi!

Mwanao

Jumamosi, tarehe 15

Mwanangu, marahaba.

Nafurahi mnaendelea vizuri. Barua yako nimeisomea chini ya kochi, nimelala ubavu. Nilicheka mpaka mteja akainama kuuliza kama nimebanwa. Tangu siku ile sijapumua hivi.

Nimekata sponji ngumu za mito ya wodi, nene pande mbili, katikati nyembamba ili goti likae lisiteleze. Juu nimevisha ngozi ya plastiki inayopanguswa. Mto wa kwanza nimeujaribu mwenyewe. Fundi mwenzangu akanikuta chini nimeubana magotini, akauliza, "Mzee, uchungu umeanza? Nikuitie mkunga?" Nikamwambia huyo huyo ndiye ninayemtafuta.

Nimemuuliza mlinzi zamu zao, yule yule aliyenitoa. Kaniangalia sana, mwisho kasema. Jumatano hii, tarehe 19, asubuhi wakipokezana zamu, nitakuwa mlangoni pa wodi na mito mitatu. Nitamwomba radhi mkunga mbele ya wale wale walionisikia, kwa sauti ile ile niliyomtukania. Nikitoka hapo nanyoosha moja kwa moja kwako. Mikono nitakuwa nimenawa.

Babu yake